Kahawa Aliyokunywa Sheikh Mbarouk

Mliokuja kuniuliza yaliyotokea Maskati mlikuja na majibu yenu tayari, nami sikutaka kuwaharibia ladha ya halwa niliyowakaribisha. Sasa halwa imekwisha, basi naandika.

Naanza kwa kutenga mafungu mawili, kama mtu anavyochagua mchele asije akatafuna mawe. Niliyoyasikia ni haya: kwamba Sheikh Mbarouk alimrushia liwali kikombe cha kahawa, kwamba liwali alilia, kwamba jamaa zetu wote waliteremka pwani kwa vigelegele, na kwamba bibi mmoja aliilaani mitambo ya meli ikazima. Yote hayo niliyasikia hapa hapa Mombasa, kutoka kwa watu wasioweza kuvuka kivuko cha Likoni bila ya kutapika. Ni hadithi nzuri. Zina kasoro moja tu, nayo ni kwamba mimi nilikuwapo.

Niliyoyaona ni machache. Niliiona meli, nikaliona zulia, nikakiona kikombe. Miaka mingi nilihariri gazeti Unguja, na kazi ile ilinifunza kwamba aliyeona jambo husema kidogo na kwa kusitasita; aliyesimuliwa ndiye msemaji fasaha.

Mombasa hadi Mogadishu

Habari za tiketi na vibali naziruka. Aliyewahi kusimama dirishani akiomba kibali hahitaji kukumbushwa, na ambaye hajawahi, Mungu amzidishie.

Itoshe kusema kwamba sitahani, chini ya turubai, zilikaa familia zetu zilizotoka Unguja mwaka ule wa machafuko mnaoujua, zikenda kuitafuta nchi ya babu zao bila ya ruhusa ya kuingia. Mtawala wa huko hakuwa na hamu ya watu waliozaliwa ng'ambo. Ruhusa yake ilishuka kama mvua ya Maskati: watu wazima huihadithia. Jamaa hawa walisafiri kwa matumaini, na matumaini, kama mjuavyo, meli haiyatozi nauli.

Kiongozi wao alikuwa Sheikh Mbarouk, aliyechaguliwa kwa kauli moja katika mkutano alioufungua, akauongoza na akaufunga mwenyewe. Yeye alikaa kamarani, katika chumba chake mwenyewe. Alikuwa na ndugu mfanyabiashara Maskati, na kwa hiyo kuteremka kwake hakukuwa na shaka. Jambo hilo lilimpa ujasiri mkubwa katika kutetea haki za wengine. Redioni alikuwa amezisikia habari za watu weusi wa Amerika wanaodai haki zao kwa maandamano, na tangu hapo hakuzungumza jambo jingine.

"Ndugu zangu," alisema siku ya kwanza, amesimama juu ya gunia la mtu, "tukifika tutaandamana!"

"Tuandamane twende wapi, Sheikh?" aliuliza bibi mmoja aliyekalia sanduku lake. "Hapa hata chooni tunapokezana."

Huyo ndiye Bi Zuweina, na hakuilaani mitambo yoyote. Alizaliwa Omani ya ndani, katika kijiji cha mitende, akaletwa Unguja akiwa bibi harusi, akazeekea huko. Mwanawe mmoja aliyebaki hai, Khalfan, alikwenda Matrah, bandari ya jirani na Maskati, kufanya kazi ya tende kabla ya machafuko, hajaota ndevu. Mama hakuwa amemwona tena. Safari yake nzima ilikuwa ni uso ule.

"N'na hamu ya kumwona ndevu zake tu," aliniambia. "Babake alikuwa na ndevu mbaya, kaka yangu. Nnaomba zisiwe zile."

Chakula cha sitahani kilikuwa wali na dengu. Bi Zuweina alikitazama chake kwa muda.

"Mpishi," alisema, "hii ni dengu, au ni maji yaliyopita karibu na dengu?"

Mpishi, Mgoa asiyejua Kiswahili, alidhani amesifiwa, akamwongeza.

Mogadishu

Hapa tulikaa kungoja shehena ya ngozi za mbuzi, ambazo zilipofika tulitamani zisingefika. Nahodha alisema tutaondoka asubuhi. Hakutaja ya siku gani.

Sheikh Mbarouk aliutumia muda huo vyema. Alilitoa shuka la kitanda chake, akaliandika HAKI kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama milango, akalitundika sitahani. Mtumishi wa kamara alilikuta pale, akaliangua, akalipeleka kufuliwa pamoja na mengine. Lilirudi na rangi ya waridi. Kiongozi wetu alilala juu ya haki iliyofuliwa hadi Maskati.

Matrah

Meli ilitia nanga kati ya milima ambayo Mwenyezi Mungu aliiumba kwa mwamba mtupu. Karibu yetu ilikuwapo meli nyingine, inayokwenda kusini. Ofisa wa forodha alipanda, akatoa hukumu kwa adabu kubwa: wa sitahani wasiteremke, shehena ikisha kushushwa, meli iendelee na safari ya Ghuba pamoja nao. Mimi, niliyekusudia kukaa mwezi mzima niandike habari za jamaa zetu waliokwisha kuhamia huko, niliambiwa kwamba nchi haina haja ya kuandikwa. Niliruhusiwa kukanyaga ardhi hadi alasiri, kisha nirudishwe Mombasa kwa meli ile ya pili.

Nilikuwa nimeambiwa, na watu waliokula yamini, kwamba Maskati mtu hunyang'anywa miwani usoni. Niliteremka na miwani yangu. Askari aliitazama, akaniuliza kama inasaidia. Basi.

Ufukweni alitungoja Khalfan. Ni mtu mwembamba, kofia ya kazi nzuri, bakora mkononi. Ndevu zake, nashuhudia, si mbaya. Watu wa mtaa wake walimtanguliza katika kila jambo zito: maji ya kisima, maiti wa mgeni, kijana aliyefungwa. Hakuwa na cheo chochote. Hakuruhusiwa kuikaribia meli.

"Ami," aliniamkia, akanibusu mkono, "umemwona mama?"

"Nimemwona. Ni mzima, na ulimi wake ni mzima zaidi."

Alicheka, kisha akageuza uso upande wa milima.

Mzee mmoja wa forodhani, aliyekuwa akitusikiliza bila ya kualikwa, alisema, "Khalfan, nenda kamwombee mama yako. Mtu hanyimwi mama yake. Utapewa kabla kahawa haijapoa."

"Na wale wengine watoto wao wataombewa na nani, ami?"

"Wale si mama yako."

"Ndivyo nnavyoambiwa tangu asubuhi."

Sheikh Mbarouk, aliyeteremka nami kwa dhamana ya nduguye, alitaka tuandamane kutoka Matrah hadi kwa liwali. Khalfan alimsikiliza kwa heshima, kama anavyosikilizwa mgonjwa wa homa.

"Sheikh, huku watu wakikusanyika barabarani ni kesi. Wakikusanyika barzani kwa liwali ni wageni. Basi tutakwenda tukiwa wageni."

Akatueleza njia yao. Mwenye haja akiingia kwa mkubwa hupewa kahawa kama kila mtu. Huipokea, lakini hainywi. Huiweka chini mbele yake. Mwenyeji akiona hivyo hulazimika kumuuliza: una nini? Na akimwambia "kunywa", maana yake haja imekubaliwa, wala hawezi kurudi nyuma mbele ya watu. Kikombe kikibaki kimejaa hadi barza ivunjike, ni aibu kwa mwenyeji. Na ni hatari kwa mgeni, kwa kuwa mkubwa aliyeaibishwa ana ngome, na ngome ina vyumba. Mgeni akinywa kabla ya kuulizwa, ametangaza kwamba hana shida, na wenzake pia hawana.

Niliwakumbuka watu wa Amerika wa Sheikh Mbarouk, ambao, kama redio ilisema kweli, walikaa mikahawani hadi wauziwe kahawa. Sisi tulitakiwa tukae tusiinywe.

"Na mimi?" niliuliza.

"Wewe huna haja, ami. Kunywa."

Njia ya Riyamu

Tulikwenda kwa miguu, kwa sababu gari zilizoruhusiwa zilikuwa chache na wenye gari walikuwa wamelala. Njia hupanda mlimani kisha hushukia Maskati, na saa ile jua lilikuwa limeweka makazi humo. Maji ya kiriba cha Khalfan tuliyamaliza kabla ya kileleni. Sheikh Mbarouk alikuwa akiirudia hotuba yake kwa sauti.

"Sheikh," alisema Khalfan, "ukipewa kahawa, iweke chini."

"Najua, najua. 'Enyi wenye mamlaka, haki ya mtu kuingia nchi ya babu yake…'"

"Hata ukiwa na kiu."

"Bwana Khalfan, mimi nimekaa katika mabaraza tangu hujazaliwa."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililotuponza.

Barzani

Chumba kilikuwa kirefu, zulia jekundu, watu wameegemea kuta pande zote. Liwali alikuwa mtu mdogo wa umbo, mwenye sauti laini. Kiarabu changu si cha kuazima, na niandikayo niliyasikia mwenyewe.

Alituamkia mmoja mmoja, akatuuliza habari za bahari, za afya, na za bahari tena. Kisha mtumishi akaja na dele, birika la kahawa, na vifinjani. Kifinjani cha kwanza liwali alikichukua yeye mwenyewe, akanyoosha mkono, akampa Sheikh Mbarouk.

Hapa yafaa tumfanyie uadilifu. Kwetu Unguja kahawa hairudishwi. Akunyimaye kinywaji chake ni bahili, lakini akataaye kinywaji chako ni adui, amekutuhumu sumu. Na mtu muungwana hatangulizi shida yake mbele ya ukarimu wa mwenyeji: hunywa kwanza, husifu, ndipo husema. Sheikh Mbarouk alipewa na mkono wa mwenye nyumba, naye ametoka juani. Malezi yote ya mama yake yalimpanda kooni.

Alikunywa.

Nilimtazama Khalfan. Hakugeuza shingo. Yeye alipewa chake, akakiweka juu ya zulia, mbele ya goti. Mimi nilikunywa changu, iliki imezidi, nikakitikisa kuonyesha nimetosheka. Sheikh Mbarouk hakujua kutikisa. Alirudisha kwa kusema "shukrani", mtumishi akajaza. Akanywa tena, kwa kuwa kahawa hairudishwi, akashukuru tena, akajaziwa tena. Nilipoacha kuhesabu, kiongozi wa madai yetu alikuwa akitoka jasho la paji la uso na mtumishi akimwonea huruma.

Baada ya hapo aliinuka, akahutubu. Sitasema uwongo: ilikuwa hotuba nzuri. Alizitaja haki za binadamu, za raia, za damu na za ujirani. Waliokuwepo walitikisa vichwa kwa raha, kama watu wanaosikiliza qasida.

"Umesema vyema," alisema liwali. "Mwenyezi Mungu ni karimu. Mleteeni halwa."

Wala hakuna tone la kahawa lililorushwa.

Barza ikaendelea na habari za bei ya tende. Ilichukua muda kabla ya liwali kuteremsha macho.

"Khalfan, kahawa yako inapoa."

"Naiona, Sheikh."

"Una haja?"

"Tunayo."

"Mwenzako amekwisha kunywa."

"Mwenzangu alikuwa na kiu."

Mtu mmoja ukutani alicheka, akajifanya anakohoa. Liwali naye alitabasamu, kwa upande mmoja wa mdomo.

"Nasikia mama yako yumo melini. Mtoto kumtaka mama yake si dhambi. Mashua ipo. Kunywa, Khalfan."

Nilikuwa nimekaa ubavuni pa Khalfan, nikauona mkono wake. Uliinuka kutoka gotini, ukafika karibu na kikombe, vidole vikafunguka. Hapo mtu alikuwa anaupata uso wa mama yake kwa kumeza funda moja la kahawa iliyokwisha kupoa. Mkono ukarudi gotini.

"Mama yangu yumo pamoja na watu, Sheikh. Hakupanda meli peke yake."

Liwali hakulia. Alikitazama kikombe, akamtazama mtumishi, na mtumishi akalitazama dele lake kama kwamba ndilo lenye makosa. Kisha adhana ya adhuhuri ikasikika, liwali akainuka, na sote tukainuka. Kikombe kilibaki juu ya zulia. Nilipokuwa mlangoni niligeuka: hakuna aliyethubutu kukiondoa.

Kurudi pwani

"Mmeona nilivyombana?" alisema Sheikh Mbarouk njiani.

"Nilikuona ukibanwa na halwa," nilimjibu.

"Bwana Mhariri, wewe huoni mbali. Maneno yale yatamkera usiku kucha."

Khalfan hakumlaumu. Alisema tu kwamba nduguye Sheikh anamngoja kwa chakula cha mchana, na Sheikh Mbarouk akaagana nasi kwa ushupavu, akaenda kula. Huo ndio mwisho wa ushahidi wangu juu yake. Yote mengine mnayoyajua habari zake, muulizeni aliyewaambia.

Ufukweni Khalfan aliniuliza jambo moja. "Ami, utamwambiaje mama?"

"Nitamwambia nilichokiona."

"Basi nimekwisha," alisema, akacheka kidogo. Alibaki pale, kwa kuwa askari hawakumfukuza wala hawakumkamata. Huenda walikuwa wakingoja kuambiwa lipi kati ya mawili.

Sitahani

Nilipandishwa meli yetu kuchukua mizigo yangu. Bi Zuweina alikuwa amekwisha kufunga kamba sanduku lake na kuvaa buibui safi. Familia zote zilinizunguka. Nilisema yaliyotokea, bila ya kupunguza. Mwanamke mmoja alimkalisha mtoto wake chini, akaanza kufungua mzigo aliokuwa ameufunga.

"Khalfan wangu alikunywa?" aliuliza Bi Zuweina.

"Hakunywa."

"Na msemaji wetu?"

"Alikunywa."

"Kimoja?"

"Vilivyobakia nilishindwa kuvihesabu."

"Ilikuwa nzuri?"

"Iliki ilizidi."

Alicheka hadi akashika ubavu. Kisha akaenda ukingoni akatazama pwani, ambako walisimama wanaume wengi, wote kanzu nyeupe, wote wadogo kama punje.

"Ni yupi, kaka yangu?"

Jirani zake wakamwonyesha, kila mmoja wake. Mimi kwa umbali ule sikumtambua, na nikasema sikumtambua. Mtu mwingine angelimnyooshea kidole yeyote akamfurahisha. Alinitazama, akaniitikia kwa kichwa, nadhani kwa shukrani. Lakini hilo nalo ni dhana.

Shehena ilikuwa imekwisha kushushwa na honi ya kwanza ya kuondoka imelia ilipofika mashua ya serikali. Akapanda yule yule mtumishi wa liwali, dele mkono mmoja, kifinjani mkono wa pili, anahema.

"Yupi mama yake Khalfan? Liwali anakuamkia. Teremka, mashua inangoja. Anasema haja ya mwanao imekubaliwa. Kunywa."

Nilielewa hesabu ya liwali, na siwezi kuidharau: akinywa mama, kikombe cha mwana kimenywewa, na aibu imeondoka nyumbani.

Bi Zuweina alikipokea kifinjani kwa mkono wa kulia, akamwombea liwali dua ndefu kwa Kiarabu cha kijijini kwao. Kisha akawatazama waliomzunguka.

"Na hawa?"

"Sikutumwa kwao, bibi."

Aliinama polepole, akakiweka kifinjani juu ya kifuniko cha sanduku. Halikumwagika tone.

"Bibi," alisema mtumishi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka na siku ile, "mimi siwezi kurudi na kikombe kimejaa mara mbili."

"Basi kaa, mwanangu," alisema Bi Zuweina, akamsogezea mkeka. "Jua kali."

Mtumishi alitazama pwani, akaitazama mashua yake. Akakaa.

Nahodha alituma mtu kuuliza kama ofisa wa serikali ameshateremka. Akajibiwa kwamba bado. Meli haing'oi nanga na mtu wa serikali yumo ndani. Hilo niliwauliza mabaharia wawili, mmoja mmoja, wakaafikiana.

Kuondoka

Hapo niliamrishwa kuhamia meli ya kusini, na nikahamishwa. Tulipong'oa nanga tulipita karibu na ubavu wa ile meli yetu, karibu kiasi cha kumtambua mtu lakini si kiasi cha kusikia anachosema. Nilisafisha miwani yangu.

Mnaoniambia kwamba wote waliteremshwa jioni ile, nawaombea iwe kweli. Mnaoniambia kwamba Khalfan alilala ngomeni, nawaombea iwe uwongo. Sikuyaona.

Nilimwona Bi Zuweina amekaa chini, mgongo ameuegemeza kwa watu wa familia moja, miguu ameielekeza pwani. Mbele yake alikaa mtumishi wa liwali, amelipakata dele kama mtoto. Kati yao lilikuwapo sanduku, na juu ya sanduku kifinjani. Kama bado kilikuwa kimejaa, kwa umbali ule sikuweza kuona, na siwezi kusema. Honi yao ya kuondoka ililia mara ya pili, tukaisikia sote. Niliutazama mnyororo wa nanga yao hadi tulipokata kona ya mwamba, nao ulikuwa bado umo majini.